Riwaya ya Lugha Mbovu

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii tumeisikia tangu utotoni, na katika kazi yetu ya uhariri, tuliyoifanya kwa zaidi ya miaka thelathini, tumeikuta katika miswada mingi mno hata ikatuchosha. Haikutupitia akilini kwamba iko siku tutaihitaji sisi wenyewe, ili kueleza hisia tulizozipata kwa kusoma kitabu kimoja cha kigeni. Katika makala haya tunakusudia kusimulia habari za usomaji huo: jinsi kitabu hicho kilivyotuudhi, jinsi kilivyotufundisha, na kwa nini mpaka leo hatujaweza kusema kwa kauli moja kama tunakipenda au tunakichukia. Hatusimulii haya kwa kudhani kwamba hisia za mzee mmoja zina uzito wa kuandikwa. Tunayasimulia kwa kuwa jambo lililo ndani yake linaihusu lugha yetu ya taifa, na linawahusu wale wote waliopewa dhamana ya kuilinda.

Kitabu chenyewe

Kitabu tunachokizungumzia kinaitwa Riddley Walker. Mwandishi wake ni Russell Hoban, aliyezaliwa katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, mwaka 1925, akahamia London mwaka 1969, na akafariki huko mwaka 2011. Kwa muda mrefu alijulikana zaidi kwa vitabu vyake vya watoto. Riwaya hii ilitolewa mwaka 1980, baada ya mwandishi kuishughulikia kwa zaidi ya miaka mitano. Wazo lake lilimjia mwaka 1974, alipokuwa akiutazama mchoro wa kale uliomo ukutani katika kanisa kuu la Canterbury, unaoonyesha maisha ya Mtakatifu Eustace.

Riwaya hii ni ya aina inayoitwa bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi inayoichukua elimu ya sayansi, au madhara ya elimu hiyo, na kuuliza: ingekuwaje? Mtu anayesikia jina hilo hutazamia vyombo vya kwenda angani, mashine zenye akili na viumbe wa sayari za mbali. Humu hamna hata kimoja cha hivyo. Hoban anatupeleka katika jimbo la Kent, kusini-mashariki ya Uingereza, miaka zaidi ya elfu mbili baada ya vita vya mabomu ya nyuklia kuuteketeza ustaarabu tunaoujua. Watu waliosalia wamerudi katika maisha ya mkuki na moto wa kuni. Wanaishi ndani ya maboma kwa kuyaogopa makundi ya mbwa walioingia mwituni, ambao huwaua wasafiri. Wengi wao kazi yao ni kuchimbua matope ili kufukua mashine za watu wa kale, chuma chake kipate kuyeyushwa na kutumika upya. Serikali ndogo iliyopo haina redio wala gazeti. Hutembeza kijiji kwa kijiji maonyesho ya wanasesere wanaochezeshwa kwa mkono, na kwa maonyesho hayo hueneza historia na siasa yake.

Msimulizi ni Riddley mwenyewe, kijana wa miaka kumi na miwili, ambaye kwa desturi ya kwao amekwisha kuhesabiwa mtu mzima. Baba yake anakufa machimboni, akipondwa na chuma kikubwa walichokuwa wakikinyanyua, na kijana anairithi kazi ya baba yake ya kuwafasiria watu maana ya maonyesho hayo. Kisha anaokota topeni mwanasesere wa kale sana, anakataa kumkabidhi kwa wakubwa, na anatoroka. Katika kutangatanga kwake anagundua kwamba wakubwa wanaisaka siri ya wahenga, yaani ile nguvu iliyowawezesha kuruka angani na ambayo hatimaye iliwaangamiza. Siri hiyo hawaipati. Wanachokipata ni baruti, na baruti hiyo inaua watu palepale inapochanganywa.

Kwa muhtasari huu, msomaji ataona kwamba ni hadithi nzito na yenye onyo. Laiti tungeisoma kwa muhtasari, tungeisifu bila kusita.

Mambo yaliyotukera

Kitabu hicho tuliletewa na mwenzetu wa zamani aliyekwisha kukaa Uingereza miaka mingi, naye alitwambia kwa kicheko kwamba ametuletea dawa ya mhariri. Tulikifungua jioni, baada ya sala ya isha, tukasoma ukurasa mmoja, tukakifunga.

Hoban hakuandika Kiingereza cha kawaida. Alichukulia kwamba lugha nayo, kama majumba na madaraja, iliungua na kubomoka, na kwamba wajukuu wa wajukuu waliobaki wanasema kwa vifusi vyake. Maneno yameandikwa kama yanavyosikika katika sikio la mtu asiyejua shule. Mengine yamekatwa vipande viwili, na mengine yameunganishwa yasipopaswa kuungana. Alama za mkato ni adimu, na tarakimu zimechanganywa na herufi. Zaidi ya hayo, ndani ya riwaya mna hadithi wanayoiheshimu kama msahafu, ihusuyo mtu aitwaye Eusa, nayo imepangwa kwa aya zenye nambari na kuandikwa kwa tahajia mbovu kuliko hiyo mbovu.

Ndugu msomaji, yafaa utuelewe. Sisi tulikipata Kiingereza kwa jasho. Tulikariri tahajia zake ambazo hazina mantiki, na kila kosa lilikuwa na malipo yake kiganjani. Kumwona mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hiyo akiivunja makusudi kulitufanya tujione kama maskini aliyejinyima mwaka mzima akanunua kanzu, kisha akamkuta tajiri akiitumia kanzu ya namna ileile kufutia sakafu.

La pili lililotukera lilihusu kazi yetu. Kwa miaka zaidi ya thelathini tulikaa mezani na kalamu nyekundu, tukipigana na upatanisho mbaya wa sarufi, tahajia za ovyo na maneno ya mitaani. Tuliamini, na mpaka sasa tunaamini, kwamba Kiswahili sanifu ni miongoni mwa tunu kubwa za taifa hili. Nchi yenye makabila zaidi ya mia na ishirini imepata kauli moja ya kupelekea kesi mahakamani, kufundishia watoto na kuulizia bei ya nyanya. Umoja huo haukuota kama uyoga. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, ikasanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka 1967. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Watu walikesha kwa ajili ya kazi hizo. Kwa hiyo kitabu kinachofanya uharibifu wa lugha kuwa pambo lake kilituonekania kama utani katika nyumba ya msiba.

La tatu ni dogo, lakini lilituchoma. Katika riwaya nzima, bara letu halimo. Kent imeungua, basi dunia imekwisha. Tulijiuliza kama katika miaka hiyo elfu mbili hapakutokea hata jahazi moja kutoka pwani hii likaenda kuwatazama. Tunajua kwamba msimulizi ni mtoto asiyejua lolote lililo mbali na matope yake, na mwandishi hawezi kulaumiwa kwa ujinga wa mhusika wake. Hata hivyo tumekwisha kuzoea kuona mwisho wa Ulaya ukiitwa mwisho wa ulimwengu, na mazoea hayajaondoa uchungu.

Tulipokisoma kwa sauti

Kitabu kilikaa rafuni miezi kadhaa. Siku moja mjukuu wetu, aliyekuwa kidato cha nne, alikichomoa akatuuliza, "Babu, hiki kimechapwa na nani, mbona kimejaa makosa?" Tukafurahi kumpata mwenzetu wa kukilaani. Tukakitwaa, na ili aone ubaya wake tukaanza kumsomea kwa sauti.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hatukulitazamia. Jicho lilikuwa likikwama katika kila neno, lakini sikio halikukwama. Maneno yaliyokuwa vifusi karatasini yaliinuka mdomoni yakawa mazungumzo. Tuliposoma habari za kifo cha baba yule machimboni, mjukuu wetu alinyamaza, nasi pia tukanyamaza.

Tulipotafakari baadaye tulikumbuka kwamba usomaji wa namna hii si mgeni kwetu hata kidogo. Tulipokuwa wadogo mjini Tanga, barua za jamaa za bibi yetu kutoka Mombasa zilikuja zimeandikwa Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Hati hizo, kwa desturi ya zamani, hazikutenganisha i na e, wala u na o. Herufi ya b mara nyingi ilisimama pia badala ya p, na katika neno kama mbuzi, ile m ya mwanzo aghalabu haikuandikwa. Basi ami yetu, aliyekuwa msomaji wa nyumba, hakuweza kusoma barua kwa macho matupu. Alianza kwa kunong'ona, akijaribu neno hili na lile, mpaka sauti impate mwenye nalo. Kisha ndipo aliposoma kwa nguvu, na watu wazima wakacheka au wakalia. Tenzi kubwa za pwani yetu ziliandikwa kwa hati hizo na kupokewa kwa namna hiyohiyo. Msomaji alipaswa kuijua lugha kwanza, ndipo karatasi imjibu. Kumbe Hoban alikuwa akimfanyia msomaji wa Kiingereza kile ambacho bibi zetu walikiona ni jambo la kila siku.

Bibi yetu na neno Kariakoo

Tukirudi kwa bibi yetu, hapana budi tuungame jambo moja.

Bibi yetu alizaliwa Mombasa, akaja Tanga kwa ndoa, na mpaka alipofariki alisema Kimvita. Kwake macho yalikuwa mato, nchi ilikuwa nti, na alipotuita alisema ndoo. Lugha hiyo tuliinyonya kwake. Tulipokuwa darasa la tatu, katika miaka ya hamsini, tuliandika katika insha neno ndia tukikusudia njia. Mwalimu aliisoma sentensi ile mbele ya darasa, na darasa likaangua kicheko. Tulirudi nyumbani tukiwa tumekwisha kuamua mwenye kosa ni nani. Jioni ile bibi aliposema ndia, tulimsahihisha. Alitutazama, kisha akajibu kwa upole kwamba hiyo njia yetu yeye haijui. Aliyoipita kuja Tanga ilikuwa ndia. Hatukuyatia maanani maneno yake. Lakini tangu siku ile, wenzetu wa shule walipokuja nyumbani, bibi aliwaamkia, akawapa chakula, na hakuzungumza tena.

Bibi huyo alikuwa na kaka yake aliyefanya kazi ya uhamali bandarini Mombasa. Mwaka 1917, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, alitwaliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza. Bibi alipoulizwa kaka yake yuko wapi, alisema alitwaliwa Kariakoo, hakurudi. Sisi watoto tulidhani Kariakoo ni mji ulio mbali sana.

Mwaka 1967 tulikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, na siku ya pili tukaonyeshwa mtaa uitwao Kariakoo, wenye soko, vibanda na kelele nyingi. Kwa utani wa kijana tukamwandikia bibi kwamba Kariakoo tumekuona, ni kuzuri, na kuna nazi za bei nafuu. Majibu yalikuja kwa mkono wa ami. Bibi aliuliza swali moja tu: je, tulipofika hapo, tulimuuliza mtu yeyote habari za kaka yake?

Ilichukua miaka mingine hata tukajua kwa kusoma kwamba neno lenyewe ni la Kiingereza lililovunjika. Kikosi cha wapagazi kiliitwa Carrier Corps. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wapagazi hao waliwekewa kambi upande huo wa mji, na kambi ilipoondoka jina lilibaki. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili ileile. Wapagazi walikufa kwa maelfu mengi, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na homa, kuhara, njaa na uchovu. Watu waliowapoteza hawakuachiwa kaburi wala karatasi. Walichoachiwa ni neno, na neno lenyewe hawakuweza kulitamka kama wenye nalo walivyolitamka. Leo tunasema tunakwenda Kariakoo kununua viatu. Soko lake lilipoungua Julai 2021 taifa zima lilisikitika, na jina lilitajwa redioni kutwa kucha, lakini hatukusikia hata mara moja likikumbushwa lilikotoka.

Sasa msomaji ataelewa kwa nini kitabu kile kilitushika. Katika riwaya ya Hoban, Canterbury imekuwa Cambry, Uingereza imekuwa Inland, na Dover imekuwa Do It Over, ambayo kwa Kiswahili tungeweza kusema ni Ifanye Tena. Waziri mkuu wao huitwa kwa jina lililochakaa hata likawa na maana ya mdadisi na mkata nyama. Watu hao hutaja majina hayo kila siku bila kujua kwamba wanatembea juu ya msiba. Hatukuweza tena kuwacheka. Sisi tuliolipata neno manowari kutokana na meli za vita za Waingereza, sisi ambao tunaizunguka kipilefti asubuhi na jioni bila kukumbuka kwamba hiyo ilikuwa ni amri ya kubaki upande wa kushoto iliyoandikwa kwenye kibao, tuna haki gani ya kumcheka mtu wa Cambry? Lugha yake na lugha yetu zimepita katika mkondo mmoja. Tofauti ni kwamba sisi maneno yetu yaliyovunjika tumekwisha kuyasafisha, tukayatia katika ngeli, tukayaandika kamusini, na tukayasahau.

Pana mahali pamoja katika riwaya hiyo ambapo Kiingereza safi kinatokea. Mkubwa wa serikali anaitoa karatasi aliyorithi ya zama zetu, inayoueleza ule mchoro wa Mtakatifu Eustace kwa lugha nyofu ya mwongozo wa watalii. Mkubwa anaifasiri karatasi hiyo neno kwa neno, kwa bidii na kwa akili nyingi, na anakosea karibu kila kitu. Habari za mtakatifu anazigeuza kuwa maelekezo ya kemia. Sehemu hiyo tuliisoma tukicheka, kisha kicheko kikatukauka. Katika kitabu kizima, hiyo ndiyo lugha pekee ambayo mhariri kama sisi asingeigusa kwa kalamu, na ndiyo isiyowaambia kitu watu wanaoishi humo.

Mswada wa kijana

Lipo jambo la pili la kuungama, nalo ni zito kuliko la kwanza kwa sababu tulilifanya tukiwa watu wazima.

Mwaka mmoja kabla ya kukisoma kitabu hiki, tuliombwa na mchapishaji mmoja tutoe maoni juu ya mswada wa kijana wa mwambao. Ilikuwa bunilizi ya kisayansi. Kijana huyo alisimulia habari za watu wanaoishi juu ya vilima baada ya bahari kupanda na kuimeza miji ya pwani, nao huteremka na mitumbwi kwenda kupiga mbizi na kuopoa mabati, nyaya na simu zilizokufa. Aliiandika yote kwa lugha ya watu hao: Kiswahili kilichokatika, chenye maneno ya vijiweni, ya wavuvi, ya matangazo ya biashara, na mengine ambayo hatukuyajua. Taarifa yetu ilikuwa na mistari minne. Tulisema kwamba mwandishi ana kipaji, kwamba lugha yake haifai kwa kitabu cha Kiswahili, na kwamba auandike upya kwa Kiswahili sanifu.

Baada ya Riddley Walker, mistari ile minne ilianza kutusumbua. Tulifanya jaribio. Tulichukua ukurasa mmoja wa Hoban tukautafsiri kwa Kiswahili safi, kwa matumizi yetu wenyewe. Sarufi ilikaa sawa, kila kivumishi kikampata mwenziwe. Lakini yule kijana wa miaka kumi na miwili alitoweka, na mahali pake akasimama mtu mzima aliyevaa tai, akieleza mambo ambayo hayakumpata. Tukajaribu tena, mara hii kwa maneno ya bibi, pamoja na kipilefti na Kariakoo na mengine tuliyoyasikia kwa utingo wa daladala. Kijana akarudi. Hatuna budi kusema kwamba tulifurahi, na kwamba pamoja na furaha tuliona hofu, kwa maana yule tuliyekuwa tukimwandika alikuwa akisema kwa kinywa tulichokinyamazisha sisi wenyewe.

Tulimwandikia mchapishaji, tukaomba taarifa yetu ya zamani ifutwe. Tukajibiwa kwamba mswada umekwisha kurudishwa, lakini kwa bahati mwandishi ameleta toleo jipya, na tukatumiwa hilo. Tulilisoma usiku mmoja. Kijana alikuwa mtiifu. Hapakuwa na kosa la upatanisho, wala neno la kijiweni, wala tahajia ya kutiliwa shaka. Wale wapiga mbizi walikuwa wakizungumza chini ya bahari kama watangazaji wa taarifa ya habari. Tulichokiomba ndicho tulicholetewa, na hatukuwa na sababu ya kukisoma mara ya pili.

Tulipata namba yake, tukampigia simu. Tulimweleza kwamba tulikosea, tukamwomba ule mswada wa kwanza. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mzee, nilidhani ule mliuona ni uchafu." Kumbe nakala yenyewe aliifuta kila alipokuwa akisahihisha, juu kwa juu, na haikubaki. Alisema atajaribu kuikumbuka. Hatukuwa na la kumjibu ila kumshukuru.

Hitimisho

Je, tunasema nini basi juu ya riwaya ya Hoban? Kwanza, tunasema kwamba mtindo wake bado unatukera. Ni kitabu kinachowafungia mlango watu wengi waliostahili kuingia, na hasa wale ambao Kiingereza kwao ni lugha ya shule. Mjukuu wetu alikipenda tulipomsomea, lakini alipojaribu mwenyewe alichoka kurasa kumi. Kitabu kinachoonya dhidi ya maangamizi ya dunia kingepaswa kusomwa na dunia. Malalamiko haya hatuyafuti.

Pili, tunasema kwamba mtindo huohuo unaotukera ndio uliobeba maana. Ukiuondoa, inabaki hadithi ya kijana aliyetoroka machimboni. Mwandishi hakutaka kutueleza kwamba ustaarabu umevunjika. Alitaka tujikwae juu ya vipande vyake. Sisi tulijikwaa, na kipande kimoja kilikuwa na jina la kaka wa bibi yetu.

Tatu, kwa upande wa lugha yetu. Hatusemi kwamba kamusi zitupwe. Sheria, elimu, sayansi na habari za taifa vinahitaji Kiswahili kilichonyooka, na anayelibeza jambo hilo hajui gharama yake. Lakini fasihi ina wajibu mwingine. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa yamo katika Kimvita, na tukiyatia katika usanifu vina vyake vinavunjika. Shaaban Robert, tunayejivunia kuwa alizaliwa Tanga, alithubutu kubuni nchi iliyo angani alipoandika Kusadikika, iliyotolewa mwaka 1951, naye alibuni ili kusema ukweli ambao usingesemeka juu ya ardhi. Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990, wasomaji wengi walilalamika kwamba hawaelewi, na leo inasomwa vyuoni kwa heshima. Fasihi yetu imekwisha kustahimili mambo mageni kutoka kwa watu wakubwa. Haikosi nafasi ya kuyastahimili kutoka kwa kijana wa mwambao.

Kwa hiyo tunatoa rai kwa wahariri wenzetu, hasa vijana wanaokalia sasa viti tulivyovikalia sisi. Mswada unapokuja na lugha inayokera, usomwe kwanza kwa sauti. Kama ni uvivu wa mwandishi, sauti itauonyesha upesi, na kalamu nyekundu ifanye kazi yake bila huruma. Kama kuna mtu anayesema ndani yake, mtu huyo atasikika, na kabla ya kumsahihisha tumuulize ametoka wapi na amepita ndia gani.

Neno hilo la mwisho tumeliandika makusudi. Tunamwomba mhariri wa mkusanyo huu asiliguse.